Mama anapotea kwenye rakaa, kaka anasema ni uzee tu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 43, naishi Tabata na mume na watoto wawili. Sikuandikii habari za mume wala mawifi, nakuandikia habari za mama yangu mzazi. Ana miaka 69, yuko Mbagala na mjukuu wake wa kidato cha pili na dada wa kazi. Baba alitangulia mbele ya haki mwaka juzi.

Mama ni mtu wa hesabu. Ameuza vitenge Kariakoo tangu sisi wadogo, na kwenye kikoba chao ndiye mweka hazina kwa sababu daftari lake halina kufutafuta. Sasa tangu Ramadhani iliyopita simwelewi. Kwanza nilidhani ni saumu. Siku moja alitoka Kariakoo alasiri, badala ya gari la Mbagala akapanda la Gongo la Mboto, na alipofika mwisho wa kituo hakujua aulize nini. Konda ndiye aliyenipigia kwa simu yake. Nilipomfuata nikamkuta anatetemeka, jasho linamtoka, akanywa soda ya watu akarudi kuwa yeye. Tukacheka, tukayaacha.

Ramadhani imeisha, mambo hayajaisha. Tunaswali pamoja, naona anasimama rakaa ya tano adhuhuri, wakati ni nne. Namwambia baada ya salamu, anakataa, ananiambia mimi ndiye niliyepunguza. Kesho hivyo hivyo. Mwezi uliopita kikobani aliandika hisa ya mwenzake mara mbili, akaonyeshwa, hakuona kosa liko wapi. Swali moja anauliza, unamjibu, chai haijapoa anauliza tena. Pochi yake anaificha kwenye ndoo ya mchele kisha anasema dada wa kazi kamwibia. Yule binti analia kila wiki, anataka kuondoka. Runinga anaifungulia sauti hadi majirani wanalalamika.

Ana presha na sukari kwa miaka kama kumi. Ya sukari anakunywa metfomini na glibenklamaidi, hizo hakosi. Ya presha anakunywa kichwa kikimuuma. Miguu inamfa ganzi. Tangu baba aondoke halali vizuri, kwa hiyo ananunua duka la dawa vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, anasema vinampa usingizi.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka mkubwa anasema mama amezeeka, tumwache apumzike. Mke wake anasema ni jini, kuna mtu Chanika anayatoa. Mdogo wetu kaletewa na rafiki yake kopo la unga wa kulisha ubongo, shilingi 180,000 kwa mwezi, anataka tuchange. Mimi nataka kujua kama huu ni ugonjwa, tunaanzia wapi, na tunamwambiaje mama bila kumvunjia heshima. Na nina la aibu pia: naogopa na mimi. Juzi nimetafuta simu nyumba nzima huku naongea nayo. Nile nini ili nisifike huko?

Binti wa tatu, Tabata

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa baba. Hilo nalo limo kwenye hesabu ya leo, nitalifikia.

Nianze na kaka yako, maana alilosema nusu ya mji huu inaliamini. Uzee unachelewesha, hilo kweli. Jina la mtu linagoma kutoka, linakuja ukiwa umeshapanda kitandani. Hata rakaa, kila anayeswali amewahi kupotea, ndiyo maana ikawepo sijda ya kusahau. Ingekuwa mara moja ningekuambia mwache mama wa watu. Lakini unasema anaongeza, anaambiwa, anakataa, na kesho ni yale yale. Unasema mtu aliyeshika daftari la kikoba miaka yote ameonyeshwa kosa la hesabu na hakuliona. Hapo ndipo pa kushtuka. Mama yako mpime kwa yeye mwenyewe alivyokuwa miaka mitatu iliyopita. Bibi wa jirani asiyejua kesho ni siku gani hahusiki, pengine hakuwahi kujali.

Na kama ingekuwa uzee tu, wazee wote wangekuwa hivyo. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, wakiwapima wenye miaka 70 na kuendelea. Waliokutwa na dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na uwezo wa kujiendesha, walikuwa asilimia 6.4. Zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa na uzee wao na akili yao. Msomee kaka yako hilo.

Sijasema mama ana dimensia. Huenda anayo, huenda hana, huenda anayo kidogo na kuna vitu vingine vinamzidishia. Wewe umeniandikia barua ya kuomba ushauri, mimi nimeisoma kama askari wa upelelezi, na nimekuta washukiwa wengi ambao hamjawahoji.

Tuanze na ile siku ya Gongo la Mboto. Mtu amefunga, ni alasiri, anakunywa glibenklamaidi, anatetemeka, anatoka jasho, hajielewi, anakunywa soda anarudi kuwa yeye. Mwanangu, hiyo ni sura ya sukari kushuka. Glibenklamaidi inaisukuma kongosho itoe insulini hata kama tumboni hamna kitu, na kwa mtu wa umri wa mama inaweza kuishusha sukari ikakaa chini kwa saa nyingi. Madaktari wengi siku hizi wanaikwepa kwa wazee kwa sababu hiyo hiyo. Sukari ikishuka mara kwa mara ubongo unaumia. Msimwachishe dawa kienyeji, ila nendeni mkaulize kama kuna nyingine inayomfaa, na Ramadhani ijayo asifunge kabla hajaongea na daktari wake. Kama mashine ya kupima sukari ipo nyumbani, mpimeni kila anapoonekana amechanganyikiwa, muandike na saa.

Wa pili ni metfomini. Dawa nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini ikitumika miaka mingi inaweza kuuzuia mwili kunyonya vitamini B12, na upungufu wa vitamini hiyo unaleta kusahau, unaleta hasira, na unaleta ganzi miguuni. Ganzi ya mama yako kila mtu ameipa sukari, na pengine ni ya sukari kweli. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema. Ikiwa ni B12, inatibika kwa sindano au vidonge.

Wa tatu ndiye aliyenikasirisha: vidonge vya njano. Ndani yake kuna klofeniramini, dawa ya mafua na mzio. Inaleta usingizi kwa kuugusa ubongo, na njiani inaizuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kushika kumbukumbu. Sasa sikia kichekesho chenyewe. Dawa kama donepezili, wanayopewa wagonjwa wa dimensia, kazi yake ni kuilinda kemikali hiyo hiyo isiishe. Kwa hiyo kama mama angeandikiwa donepezili leo na usiku akameza vidonge vyake vya njano, dawa mbili zingekuwa zinavutana kamba kichwani mwake. Hivyo viacheni, mkamweleze na daktari kwamba alikuwa anavitumia kila usiku. Na kama kwenye kabati kuna amitriptilini au diazepamu za nani sijui, hizo nazo zipelekwe zikaonekane.

Halafu kuna baba. Mjane asiyelala, aliyepoteza mwenzake wa miaka arobaini au zaidi, anaweza kuonekana amepoteza kumbukumbu kumbe ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Wazee wetu hawalii mbele za watu, wanakaa kimya, wanaacha kufuata mazungumzo, nasi tunasema anasahau. Sonona inatibika, tena kwa mzee inatibika vizuri tu. Pia muulizeni kama amewahi kuanguka akajigonga kichwa, hata kidogo, hata miezi miwili nyuma, kwa sababu damu inaweza kuvujia taratibu chini ya fuvu. Tezi ya shingoni ikilegea nayo inafanya hivi. Na daktari akiagiza kipimo cha kaswende na cha VVU, msimtolee macho. Yote mawili yanaweza kuushika ubongo, na anayepima kila kitu ndiye daktari wenu.

Ila presha, hapo sina upole. Dawa ya presha hainywewi kichwa kikiuma. Presha haiumi, ndiyo ubaya wake. Inaichakaza mishipa midogo ya ubongo kimya kimya, vinatokea viharusi vidogo ambavyo hakuna aliyeviona, mkono haujapooza wala mdomo haujapinda, lakini kila kimoja kimeondoka na kipande. Dimensia inayotokana na mishipa ya damu ndiyo inayofuata kwa wingi baada ya Alzheimer, ile aina inayoongoza, na wazee wengi wana zote mbili pamoja. Hata ikithibitika kwamba mama ana Alzheimer, presha isiyoshikwa itaukimbiza ugonjwa. Kuanzia leo jioni mjukuu wa kidato cha pili apewe kazi: kidonge, maji, alama kwenye kalenda ya ukutani.

Umeuliza mnaanzia wapi. Anzieni pale anapochukulia dawa za sukari. Mkifika msiseme tumekuja kuchukua dawa, semeni tumekuja kwa ajili ya kumbukumbu, na mtoe mifano uliyonipa mimi, ile ya daftari na ya rakaa. Daktari mwenye foleni ya watu sitini hataijua asipoambiwa. Beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za kienyeji, usichague. Ombeni rufaa kwenda hospitali ya mkoa, kwenu ni Temeke, na kutoka hapo ikibidi Muhimbili, kwenye kliniki ya mishipa ya fahamu au ya afya ya akili. Wifi yako akisikia afya ya akili atasema mama amekuwa kichaa. Mwacheni aseme.

Msikimbilie picha ya kichwa kwanza. Watu wanauza kiwanja ili wakapige CT, kumbe kipimo kikubwa cha mwanzo ni maneno. Ataulizwa siku na mahali, atapewa maneno kadhaa ayakumbuke baadaye, ataambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Kuna kipimo kilichotengenezwa huko huko Hai kwa ajili ya wazee wasiosoma, kinaitwa IDEA, na sehemu yake moja mzee anapanga njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa. Nimekipenda, kwa sababu vipimo vingi vya nje vinamtaka bibi achore saa na kuandika sentensi, akishindwa anaitwa mgonjwa wakati hakupelekwa shule. Mama yako ana hesabu zake, kwake vyote vitasema. Baada ya hapo ndipo damu, na picha kama daktari ana sababu ya kuitaka.

Na ikiwa ni dimensia? Dawa ya kuiondoa haipo. Zipo zinazowasaidia baadhi ya watu kwa muda, kumbukumbu ikae vizuri kidogo, siku iende. Zile mpya za kuchomwa kwenye mshipa ambazo Marekani imeziruhusu, kama lecanemab mwaka 2023, zinapunguza kasi kidogo kwa walio mwanzoni kabisa, zina hatari ya damu kuvuja kwenye ubongo, na bei yake tusiizungumze. Kwa hiyo kuwahi faida yake iko kwingine: kukamata yale yanayotibika, na kuyapanga mambo wakati mama bado anaweza kusema nataka hivi, sitaki vile.

Hilo la pili wengi wanalikwepa. Mama ana nyumba Mbagala, ana hisa kikobani, ana namba ya siri ya pesa za simu. Leo akili yake ya kuamua bado ipo. Miaka michache mbele, kama ni ugonjwa, saini yake itakuja kubishaniwa mahakamani na nyinyi wenyewe. Mwulizeni anataka nini, wote mkiwa mmekaa. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika na kutunza wosia. Kikobani ongea na mwenyekiti wao pembeni, mama abaki na cheo chake lakini daftari lishikwe na watu wawili. Kuvuliwa uhazina mbele ya wenzake kutamuumiza kuliko ugonjwa. Pesa za simu punguzeni salio linalokaa humo, kwa sababu wale wa "tuma kwenye namba hii" wanawanusa watu kama mama kutoka mbali.

Na yule dada wa kazi muombeni radhi. Leo. Mtu anayeficha pochi na kusahau kwamba ameificha, kichwani mwake pochi imeibiwa kweli, wala hatungi. Lakini binti wa watu hajui hayo, anajua anaitwa mwizi. Mwelezeni, mkalishe, mwongezeni kitu kwenye mshahara kama mnaweza, kwa sababu akiondoka mtajua yeye ndiye aliyekuwa ameshikilia nyumba. Mama akisema ameibiwa, msibishane. Mwambieni tutafute wote, muanzie kwenye ndoo ya mchele.

Jinsi ya kumwambia mama: msimfanyie mtihani. Naona familia zinafanya hivi, mgeni akiingia tu, "Mama, huyu nani? Mama, leo Jumatano au Alhamisi?" Mtu mzima anadhalilika, anaanza kujifungia. Mwambie, mama, dawa zako za sukari zina miaka mingi, twende zikaangaliwe upya na kichwa kiangaliwe, na mimi nitapima presha yangu. Hujamdanganya hata neno moja. Mkirudi mpitie Kariakoo asalimie wenzake.

Kuhusu Chanika. Kumsomea mama dua hakuna ubaya, na kama kunampa utulivu msomeeni kila siku. Kumfukiza, kumnywesha vitu visivyojulikana, kumwachisha dawa, kumchanja, hapo nakataa. Na wifi yako awe mwangalifu na mdomo wake mtaani. Nchi hii ina vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, macho mekundu ya moshi yakawa ushahidi. Bibi anayetembea usiku kwa sababu amechanganya saa si mtu wa kuanzishiwa maneno ya majini.

Haya, kopo. Mdogo wenu simgombezi, anampenda mama yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu kupunguza hatari ya dimensia, likasema wazi kwamba vitamini B na E na mafuta ya samaki ya vidonge havishauriwi kwa kazi hiyo. Mwenye upungufu uliopimwa anatibiwa upungufu wake, hilo ni jingine. Unga usiojulikana ndani una nini, kwa mama mwenye sukari, presha na figo zenye miaka 69, kwangu hauingii mlangoni. Changeni hiyo 180,000, mnunue mashine ya presha, ile ya kufunga kwenye mkono wa juu, itakayobaki mnunue dagaa.

Dagaa nimezitaja makusudi, maana sasa tumefika kwako.

Simu uliyoitafuta huku unaongea nayo ni kichwa chenye watoto, kazi, foleni ya Tabata na mama mgonjwa. Isikutishe. Kuwa na mzazi mwenye dimensia kunaongeza uwezekano kidogo, lakini aina zinazorithiwa moja kwa moja kutoka kwa mzazi ni chache mno na mara nyingi humwanza mtu kabla ya miaka 60. Umri wako ndio umri wenyewe wa kufanya kazi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, likakadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingezuilika au kuchelewa. Ukiyasoma unatafuta chakula cha ajabu humo hukioni. Unaiona presha. Unaona sukari, lehemu, uzito, sigara, pombe nyingi, kukaa bila mazoezi. Unaona sonona, upweke, elimu ndogo utotoni, moshi wa hewa, ajali za kichwa. Na unaona masikio na macho.

Masikio! Ile runinga inayowakera majirani. Mtu asiyesikia ubongo wake unahangaika kukisia maneno, kisha anachoka, anaacha kukaa na watu. Na asichokisikia vizuri hakukihifadhi, kwa hiyo atauliza tena, chai haijapoa. Mama apelekwe kliniki ya masikio, inawezekana ni nta tu, inawezekana anahitaji mashine ya kusikia. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2023 uliona kwamba wazee waliokuwa kwenye hatari kubwa, wakipewa mashine hizo, akili zao zilififia kwa kasi ndogo karibu nusu ndani ya miaka 3. Macho yake nayo yaangaliwe kama kuna mtoto wa jicho.

Sasa chakula. Kuna mlo Wamarekani wameupa jina la MIND, wa mboga za majani, samaki, maharage, karanga na mafuta ya zeituni, ukisifiwa kwa ubongo. Ulipowekwa kwenye jaribio la miaka 3, matokeo yaliyotoka mwaka 2023 hayakuonyesha tofauti kubwa na kundi lililopunguza tu ulaji. Finland walifanya tofauti: watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, miaka 2, chakula pamoja na mazoezi pamoja na kuchangamsha akili pamoja na kufuatilia presha, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba mkusanyiko huo unasaidia. Mimi hapo nimeelewa kwamba chakula peke yake hakibebi mzigo. Kikienda na wenzake kinabeba.

Na chakula chenyewe kiko sokoni Mbagala. Matembele, mchicha, kisamvu, lakini pika kidogo, usichemshe mchicha hadi uwe uji. Mbaazi, kunde, choroko. Vibua na dagaa, mara kadhaa kwa wiki, na dagaa za chumvi loweka umwage maji. Karanga za kuchemsha badala ya maandazi ya saa nne. Embe, papai na parachichi kwa misimu yake, kwa mama vipande, maana matunda nayo yanaipandisha sukari yake. Dona badala ya sembe ukiweza. Wali wa nazi sitakunyima, mimi ni mtu wa Pwani, lakini usiwe wa kila siku, na sahani nusu yake iwe mboga.

Vya kupunguza unavijua. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, ni kijiko kimoja cha chai, na humo ndani hesabu vile vidonge vya mchuzi na chumvi ya juu ya chipsi. Soda ibaki ya harusini. Chai ya mama yenye vijiko vinne vya sukari, punguzeni kimoja kila wiki, hatashtuka. Mkaa upikie nje au penye dirisha, moshi ule mnauvuta wote.

Tembea. Shuka vituo viwili kabla, au zungukeni uwanja wa shule jioni na mumeo, jumla dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho jembamba. Mama naye atembee, na mjukuu ubavuni. Ukipanda bodaboda vaa kofia, hata kama inanuka. Pima presha, ukiikuta 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, ni ya kutibiwa, hata kama unajisikia mzima. Kulala saa tano usiku na kuamka saa kumi kwa ajili ya foleni siwezi kukutatulia, ila jua kwamba ubongo nao unakudai.

Mama asitolewe kikobani, asitolewe dukani, asipokonywe kisu cha vitunguu kwa sababu eti anaumwa. Aketi na vitenge vyake, mtu mwingine apige hesabu. Apike tambi zake, wewe ukumbuke sukari.

Ninyi ni watoto wengi, kwa hiyo asibebe mmoja. Wewe nenda naye kliniki kwa sababu mifano unayo. Mdogo wenu anunue mashine ya presha. Wifi asome dua. Na kaka mkubwa anayesema apumzike, mpe kazi ya kuwahi dirisha la wazee saa kumi na mbili asubuhi, achukue namba, akiwa na kitambulisho cha matibabu cha mama mkononi. Kama mama hana hicho kitambulisho, basi kaka aanze kesho, ofisi ya serikali ya mtaa.